Fleshi na diski za "waja leo waondoka leo": kabla hujafomati, soma kwanza Linux inakwambia nini

Fundi wa Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, assalaam alaykum na habari za leo.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga mjini, nina kibanda changu Ngamiani, na mashine zangu zote za kazi ni Linux. Uzi huu umeletwa na mzee mmoja aliyenijia wiki mbili zilizopita, diski yake ya nje ameiviringisha kwenye leso kama mtu aliyebeba dhahabu. Ni mwalimu mstaafu. Ndani ya diski mna kaseti alizozihamisha mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa miaka: taarab za enzi za Black Star na Lucky Star, mawaidha, harusi za nduguze, na sauti ya marehemu mama yake akighani tenzi. Alishapita kwa fundi mwingine akaambiwa diski imekufa, dawa yake ni kufomati. Mzee akakataa, akairudisha kwenye leso, akaja kwangu.

Diski ilikuwa nzima kabisa. Kibovu kilikuwa kebo. Tena hata kebo yenyewe, nusu yake tu.

Naeleza nilivyofanya, maana ndilo jambo lililonitoa mafichoni. Kabla sijachomeka chochote nilifungua terminali nikaandika:

`sudo dmesg -w`

Amri hii inakuonyesha maneno ya keneli, yaani kile kiini cha mfumo wa Linux kinachoongea na vifaa, papo kwa papo, yanavyotoka. Ukishaiwasha, ndipo unachomeka kifaa, huku macho yako yako kwenye skrini. Nilipata haya:

```
usb 2-1: new SuperSpeed USB device number 4 using xhci_hcd
usb 2-1: New USB device found, idVendor=152d, idProduct=0578
scsi host4: uas
sd 4:0:0:0: [sdb] 1953525168 512-byte logical blocks: (1.00 TB/932 GiB)
sd 4:0:0:0: [sdb] tag#3 uas_eh_abort_handler 0 uas-tag 4 inflight: CMD IN
usb 2-1: reset SuperSpeed USB device number 4 using xhci_hcd
usb 2-1: USB disconnect, device number 4
```

Mstari wa kwanza: kifaa kimeonekana, kimeingia kwa mwendo wa USB 3. Hiyo `2-1` ni anwani, yaani njia ya 2, tundu la 1. Namba `152d` ni ya JMicron, watengenezaji wa kile kibao kidogo kilichomo ndani ya kasha kinachokalimani kati ya diski ya SATA na USB. Sasa tazama mstari wa nne. Diski imetaja ukubwa wake wote, sekta 1953525168. Diski iliyokufa haitaji ukubwa wake kwa usahihi namna hiyo. Baada ya hapo mazungumzo yanakatika, keneli inajaribu kuanza upya, kisha kifaa kinatoweka. Hakuna aliyekigusa. Sekunde chache kikarudi, kikaondoka tena. Waja leo waondoka leo.

Nikachomoa kebo nikaitazama kwa lenzi. Diski hizi ndogo za nje za inchi 2.5 nyingi zina tundu bapa lenye vyumba viwili vilivyoshikana. Chumba kipana ni kilekile cha micro-USB cha simu za zamani. Kile kidogo cha pembeni kina pini 5 za ziada, na hizo ndizo zinazobeba mwendo wa USB 3. Kwenye kebo ya mzee, pini za chumba kidogo zilikuwa na ukungu wa kijani. Sisi wa pwani tunaujua huu. Mzee anakaa upande wa Raskazone, meza yake iko dirishani, upepo wa bahari unaingia mchana kutwa. Ile ngozi ya juu ya pini ikishachubuka, shaba iliyo chini inakutana na unyevu wa chumvi na kazi inaanza.

Nikachukua kebo ya kawaida ya micro-USB ya simu, nikaichomeka kwenye kile chumba kipana peke yake. Inaingia vizuri tu, wengi hawajui. Lakini iwe kebo ya data. Zile za kuchajia tu hazina nyaya za data ndani. Safari hii keneli ikasema `new high-speed USB device`, maana yake USB 2, megabiti 480 kwa sekunde badala ya gigabiti 5. Nikangoja dakika 10. Imetulia. Nikaipachika, yaani nikaiunga kwenye mfumo ili mafaili yaonekane, kwa kusoma tu, nisiandike hata herufi moja juu yake:

`sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt`

Kulikuwa na GB 400 hivi. Kwa mwendo wa MB 35 kwa sekunde ilichukua saa tatu na ushei. Ilipokwisha nikafungua faili moja bila kuchagua ili nihakikishe, kumbe ni mama yake. Nikampigia mzee simu, nikaisogeza kwenye spika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Endelea, mwanangu, usiizime."

Kwa hiyo naomba tufanye kazi moja hapa. Kifaa cha USB kikisumbua, ubovu unaweza kuwa kwenye waya na umeme, kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa), au kwenye mafaili yenyewe. Kufomati kunagusa hayo mafaili tu, na kunayagusa kwa kuyafuta. Wekeni maneno ya keneli yenu hapa tuyasome pamoja.

Bint wa Sahare

Kaka asante sana, nimesoma mpaka machozi yamenilenga. Mimi nina steshenari. Kuna habu ya matundu 4 nimeiunga kwenye kompyuta: modemu, kamera ya picha za pasipoti, kisomaji cha kodibaa, na tundu moja nimewaachia wateja wachomeke fleshi zao. Fleshi za watu hazisomi, na wao wanadhani nimewaharibia. Nimefanya ulivyosema:

```
usb 1-1.3: new high-speed USB device number 9 using xhci_hcd
usb 1-1.3: device descriptor read/64, error -110
usb 1-1.3: device descriptor read/64, error -71
usb 1-1-port3: attempt power cycle
usb 1-1.3: device not accepting address 11, error -71
usb 1-1-port3: unable to enumerate USB device
```

Hizo namba za kutoa zinanichanganya.

Fundi wa Ngamiani

Dada, umenipa mfano mzuri kuliko wangu. Anza na anwani: `1-1.3` ni njia ya 1, tundu la 1 la kompyuta, halafu baada ya nukta tundu la 3 la habu. Nukta ikiwepo, ujue kifaa kimepitia habu. Ukitaka kuona mti mzima, nani amening'inia kwa nani na kwa mwendo gani, andika `lsusb -t`. Mwisho wa kila mstari utaona mwendo, mfano 12M, 480M au 5000M.

Kifaa kipya kikichomekwa, kitu cha kwanza kompyuta inakiomba kijitambulishe. Ni kama mgeni kabisha hodi, unamuuliza "nani wewe?" Namba -110 maana yake muda umepita, mgeni hajajibu. Namba -71 maana yake amejibu lakini maneno yamevurugika njiani, hayaeleweki. Ipo pia -32, hiyo ni kifaa kimeelewa ombi kikalikataa. Ukiona -71 na -110 zinapokezana hapo mwanzoni kabisa, usiwaze virusi, usiwaze kufomati. Hata jina halijatajwa, mafaili yatafikiwaje?

Kwako ninashuku umeme. Tundu la USB 2 linatoa volti 5 na miliampia 500, basi. Habu isiyo na chaja yake inachukua hizo 500 na kuzigawa kwa wote waliomo. Modemu peke yake ikiwa inatuma data inaweza kuzitaka zote. Fleshi ya mteja inakuta sufuria tupu. Andika `lsusb -v` utafute neno MaxPower, utaona kila kifaa kinadai kinataka kiasi gani, ingawa hayo ni madai yake tu na si kipimo cha kweli.

Fanya hivi: chomoa modemu, chomeka fleshi peke yake moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Nasema nyuma kwa sababu matundu ya mbele ya kompyuta za mezani yanafika kwenye ubao mama kwa waya mrefu wa ndani, na waya huo nimekuta umelegea mara nyingi sana.

Bint wa Sahare

Nyuma imesoma papo hapo! Nimezijaribu fleshi 3 zilizokataa jana, zote zimesoma. Niseme nini kwa wale niliowaambia zao mbovu?

Fundi wa Ngamiani

Wapigie, warudi wachukue kazi zao. Na tafuta habu yenye adapta yake ya umeme, modemu ihamie huko. Siku ukiona keneli imeandika `over-current condition`, hapo kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi au tundu limepigwa shoti. Chomoa mara moja, chungulia ndani ya tundu kwa tochi. Nimewahi kutoa kipande cha pini ya chuma ndani ya tundu la namna hiyo.

Kijana wa Chuda

Kaka mimi ni mwanafunzi, tunatengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo. Kibao chetu ni cha bei nafuu, chipu yake ya USB ni CH340. Kwenye kompyuta ya rafiki yangu kinafanya kazi, kwangu kwenye Ubuntu 22.04 `/dev/ttyUSB0` inatokea sekunde moja kisha haipo. Nimebadilisha kebo tatu. Haya hapa:

```
usb 1-2: ch341-uart converter now attached to ttyUSB0
usb 1-2: usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1
ch341-uart ttyUSB0: ch341-uart converter now disconnected from ttyUSB0
```

Fundi wa Ngamiani

Mdogo wangu, kebo zako zote tatu nzima. Soma mstari wa kati polepole. Kuna aliyekuja akamnyang'anya draiva kifaa, na jina lake limeandikwa: `brltty`.

Hiyo ni programu inayoendesha vibao vya Breli kwa watu wasioona. Baadhi ya vibao hivyo vinatumia chipu hiyohiyo ya CH340, yenye kitambulisho `1a86:7523`. Kwa hiyo brltty ikikiona kibao chako inadhani ni cha Breli, inakichukua. Kama hakuna anayetumia Breli kwenye kompyuta hiyo, `sudo apt remove brltty` inatosha. Lakini kama ni kompyuta ya chuo na yupo mwenzenu asiyeona anayeitegemea, tafadhali msiifute. Nakili faili `85-brltty.rules` kutoka `/usr/lib/udev/rules.d/` uiweke `/etc/udev/rules.d/`, kisha kwenye hiyo nakala weka alama ya # mbele ya mstari wenye `1a86/7523`. Faili la /etc ndilo litakalofuatwa, na vibao vingine vya Breli vitaendelea kufanya kazi.

Halafu ukishapata ttyUSB0 yako, huenda ukakataliwa ruhusa. Jiingize kwenye kundi la dialout: `sudo usermod -aG dialout $USER`, toka, ingia upya.

Kijana wa Chuda

Imekubali!! Siku nne nimelala na kebo kitandani. Kwenye kundi letu yupo asiyeona, hutumia kompyuta ya maabara, kwa hiyo nimefuata njia ya pili. Nimemwonyesha na yeye jinsi tulivyofanya.

Mkazi wa Pongwe

Wakuu kwa heshima zote, kwa nini mtu apitie haya yote? Fleshi ikigoma kwenye Linux mimi naipeleka kwenye Windows, inafunguka, maisha yanaendelea. Linux ndiyo yenye matatizo.

Fundi wa Ngamiani

Mkuu, kuna mahali nakubaliana nawe kabisa. Diski ya NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows) iliyochomolewa vibaya kwenye Windows, au ya ndani kwenye mashine ambayo Windows ilizimwa kwa ile njia ya kuwaka haraka, Linux itakataa kuipachika na keneli itaandika `volume is dirty and "force" flag is not set!`. Tiba sahihi ni kuirudisha Windows, ukaikagua kwa chkdsk, ukazima kompyuta kikamilifu. Ile amri ya `ntfsfix -d` inafuta tu alama ya uchafu, uchafu wenyewe unabaki, kwa hiyo siipendi kwenye diski yenye kitu cha thamani.

Ila kwa kebo yenye pini za kijani, Windows ingemwambia mzee kwamba kifaa hakitambuliki, ikaishia hapo. Na mbaya zaidi, diski iliyosomwa nusu Windows mara nyingi hukuuliza kama unataka kuifomati, na kitufe kiko palepale. Mzee wangu angebonyeza.

Bahari ya Hindi

Nachangia upande wa pili wa familia. Mimi natumia FreeBSD, mfumo jamaa wa Linux, kwa seva ya ofisi yetu ndogo. Kanuni ni zilezile, amri ndizo tofauti. Fleshi inaitwa `da0` badala ya sdb. `usbconfig list` inakupa vifaa vyote, `usbconfig -d ugen0.3 dump_device_desc` inakusomea kitambulisho cha kimoja, na `camcontrol devlist` inakuonyesha diski zilizofika salama upande wa uhifadhi. Kifaa kikionekana kwenye usbconfig lakini hakipo kwenye camcontrol, unajua kimekwama katikati. Wa OpenBSD waanze na `usbdevs -v`.

Fundi wa Ngamiani

Shukrani mkuu. Kwenye Linux ulinganisho huo ni `lsusb`, inayoorodhesha vifaa vya USB, na `lsblk`, inayoorodhesha diski. Kipo kwenye ya kwanza, hakipo kwenye ya pili: waya unapitisha, tatizo liko kwenye draiva au kwenye chipu ya kuhifadhi. Hakipo kote: rudi kwenye kebo na umeme.

Mama Duka Makorora

Habari zenu wanangu. Mimi naweka mahesabu ya duka na mawaidha ya redio kwenye fleshi. Nikikopi inasema imemaliza haraka sana, nachomoa, nikifika nyumbani mafaili yapo majina tu, ndani hamna kitu.

Fundi wa Ngamiani

Shikamoo mama. Fleshi yako haina kosa. Kompyuta ya Linux hupokea mafaili kwanza kwenye kumbukumbu yake, inakwambia tayari, kisha inayaandika kwenye fleshi taratibu nyuma yako. Ukichomoa mapema, majina yameshaandikwa, yaliyomo bado yako njiani. Usichomoe mpaka umebonyeza ile alama ya kutoa iliyo pembeni ya jina la fleshi na kompyuta ikakuruhusu. Ikichukua dakika 2 au 3 mwachie, ndipo inapofanya kazi yenyewe. Wanaotumia terminali waandike `sync` wangoje kidokezo cha amri, ile alama ya kuandikia, kirudi.

Mama Duka Makorora

Marahaba mwanangu. Basi siku zote nilikuwa namkatisha.

Abuu Mikanjuni

Mkuu nimenunua fleshi ya TB 1 mnadani kwa bei ya kutupa. Muvi za mwanzo zinacheza, za baadaye zote zimeharibika. dmesg haina kosa hata moja.

Fundi wa Ngamiani

Hiyo ni fleshi ya uongo. Chipu yake ni ndogo, pengine GB 8 au 16, lakini kidhibiti chake kimefundishwa kudai TB 1. Ukipita kiasi halisi, kinapokea data na kuimwaga, au kinaandika juu ya ya zamani. Keneli inaaminishwa, ndiyo maana imenyamaza. Kuna programu inaitwa f3, ipo kwenye hazina za Debian na Ubuntu. Hamisha kwanza muvi zinazocheza, kisha `sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX`, ukiwa umehakikisha kwa `lsblk` kwamba hiyo X ndiyo fleshi yenyewe na si diski ya kompyuta yako, maana inafuta. Dakika chache itakutajia ukubwa wa kweli. Tofauti ndogo usiiogope: fleshi ya kweli ya GB 64 huonekana kama 59 na kitu, ni namna mbili za kuhesabu.

Na kwa anayeuziwa: nenda na kompyuta yako dukani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kijana wa Muheza

Fundi, naomba unisaidie hili, na nina haraka. Mama yangu ni mweka hazina wa kikundi chao cha akina mama wanaouza machungwa. Hesabu za mwaka mzima ziko kwenye fleshi ya GB 16, hakuna nakala. Jumamosi kuna mkutano. Fleshi inaonekana, folda zinafunguka, lakini nikibonyeza baadhi ya mafaili kompyuta inaganda. Nimebadilisha tundu, ni lile lile. Keneli:

```
sd 6:0:0:0: [sdc] tag#0 Sense Key : Medium Error [current]
sd 6:0:0:0: [sdc] tag#0 Add. Sense: Unrecovered read error
critical medium error, dev sdc, sector 2107432
```

Fundi wa Ngamiani

Mdogo wangu, acha kubonyeza mafaili sasa hivi. Ichomoe ukishasoma ujumbe huu.

Hapa hali ni tofauti na wote waliotangulia. Hakuna -71, hakuna kuondoka na kurudi. Waya unafanya kazi vizuri kiasi cha kuleta habari mbaya kwa ufasaha: fleshi yenyewe inasema sehemu yangu hii siwezi kuisoma. Kila unapojaribu kulifungua faili unaitesa zaidi, na chipu za namna hii zinaweza kukata roho ghafla. Usifanye fsck (kukarabati mpangilio wa mafaili), usifomati, usikopi faili moja moja. Tunachukua picha ya fleshi nzima mara moja, kisha kazi zote tunazifanyia kwenye picha.

Una nafasi ya GB 16 na ziada kwenye kompyuta? Weka `gddrescue` kwanza, fleshi ikiwa nje. Halafu chomeka, usiipachike, thibitisha jina kwa `lsblk`, kisha:

`sudo ddrescue -d /dev/sdc hesabu.img hesabu.map`

Itachukua kwanza yanayosomeka kirahisi na kuyaruka magumu, ndipo itarudi kwenye magumu. Lile faili la map ndilo kumbukumbu yake ya ilipofika. Umeme ukikatika, rudia amri ileile, itaendelea ilipoachia. Usilifute.

Kijana wa Muheza

Nimeanza saa mbili usiku. Ilikwenda haraka mpaka asilimia 97, sasa inatambaa. Fleshi imekuwa ya moto.

Fundi wa Ngamiani

Simamisha kwa Ctrl+C, ichomoe, iache ipoe nusu saa. Irudishe, tazama kama jina limebaki sdc, rudia amri. Usiweke kwenye friji kama watu wanavyoshauri. Unyevu utakaoganda ndani ndio utakaoimaliza.

Kijana wa Muheza

Imefika mwisho saa saba usiku. Nimerudia na `-r3` (ijaribu tena mara tatu) kama nilivyosoma kwenye maelekezo yake. Imebaki kB 212 zisizosomeka. Fleshi sasa ukiichomeka haionekani kabisa, hata lsusb.

Fundi wa Ngamiani

Imekufa, lakini kilichomo unacho. Tengeneza nakala ya pili ya hesabu.img kabla hujafanya lolote. Kisha:

`sudo losetup -fP --show hesabu.img`

Itakurudishia jina kama /dev/loop0. Fuata na `sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt`. Fungua jedwali moja moja kwenye LibreOffice, andika pembeni yapi yanafunguka na yapi hayafunguki. Yasiyofunguka, LibreOffice itakuuliza kama ijaribu kuyatengeneza. Ikubalie, lakini hifadhi kwa jina jingine.

Kijana wa Muheza

Majedwali ni 14. Kumi na mawili yamefunguka sawa, nimeyalinganisha na risiti za benki, jumla zinakubaliana. La Machi na la Aprili yamekataa, hata kutengenezwa hayakutengenezeka.

Mama ana daftari la mkono la miezi hiyo, lenye madoa ya maganda ya machungwa. Anasoma, mimi naandika. Nakala nimeweka mbili, moja kwenye kompyuta na moja kwenye simu ya dada. Machi tumeshamaliza. Aprili ni kesho baada ya sala ya alfajiri, kabla hajaenda sokoni.

Fundi wa Ngamiani

Mfikishie mama salamu zangu. Ukikwama kwenye Aprili niandikie hapahapa, nitakuwa macho.